Mwanafunzi Wodini: Mwongozo Kamili wa Kutazama Kazi na Mizunguko ya Vitendo katika Hospitali ya Mafunzo

Hospitali ya mafunzo, pamoja na jina lake, ipo kwa ajili ya mgonjwa. Mwanafunzi hupewa nafasi pembeni mwa kitanda, tena kwa masharti. Asiyelielewa hili mapema hupoteza wiki mbili za kwanza akisubiri mtu aje kumfundisha, na mtu huyo haji, maana kila mmoja wodini ana kazi ya kumaliza. Somo lipo, ila limetawanyika ndani ya kazi yenyewe: kwenye makabidhiano ya zamu ya asubuhi, kwenye majibu ya maabara yaliyochelewa, kwenye mazungumzo ya nesi na mgonjwa anayekataa dawa.

Mwongozo huu unakupitisha tangu barua ya maombi hadi karatasi ya tathmini. Nimemlenga zaidi mwanafunzi wa udaktari, lakini wa uuguzi, famasia, maabara na fiziotherapia atakuta mengi yanamgusa. Aliye bado shuleni, anayejiuliza kama kazi hii inamfaa, ana sehemu yake pia.

Jua kwanza unachoomba

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya, na ofisi za hospitali hukataa maombi mengi kwa sababu hiyo tu.

La kwanza ni kutazama kazi. Unamfuata daktari, muuguzi au mtaalamu mwingine kwa siku moja hadi wiki chache. Unatumia macho na masikio, basi. Hupimi mgonjwa, huandiki kwenye faili, huchukui historia peke yako.

La pili ni mzunguko wa vitendo, ambao ni sehemu ya mtaala. Umesajiliwa chuoni, una msimamizi, unakabidhiwa wagonjwa na mwishoni unapewa alama. Idara za msingi ni zilezile karibu kila mahali: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake, afya ya akili, na tiba ya familia. Vyuo vingi huongeza idara ya dharura. Kila mzunguko huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 12, na magonjwa ya ndani na upasuaji ndiyo hupewa muda mrefu zaidi.

La tatu ni mzunguko wa hiari, ule unaouchagua mwenyewe, mara nyingi mwaka wa mwisho, katika hospitali yako au ya mbali.

Tofauti hizi zina uzito wa kisheria, kwa hiyo panga ukihesabu kalenda. Kwa mfano, vyuo vingi vya Marekani hupokea wanafunzi wageni wa mzunguko wa hiari kupitia VSLO, mfumo wa maombi ya mtandaoni unaoendeshwa na AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, na sharti la kawaida ni kwamba uwe bado mwanafunzi uliyekaribia kuhitimu. Ukishapata shahada, mlango huo hufungwa na mara nyingi unabakiwa na kutazama tu. Wengi hugundua hili wakiwa tayari wamevaa joho la mahafali. Njia nyingine ni IFMSA, shirikisho la vyama vya wanafunzi wa udaktari lililoanzishwa mwaka 1951, ambalo huendesha mabadilishano ya wanafunzi kati ya nchi wanachama. Ulizia chama cha chuo chako mapema, kwani nafasi hugawiwa miezi mingi kabla ya safari.

Kama hujaanza masomo ya afya kabisa, ushauri wangu ni huu: usikimbilie chumba cha upasuaji wa moyo. Utasimama saa nne ukiangalia migongo ya watu. Omba kliniki ya wagonjwa wa nje. Kwa asubuhi moja utaona wagonjwa wengi, utasikia maswali, utaona daktari akibadili mawazo, na utajua kama unaweza kuishi na kazi ya namna hiyo.

Barua ya maombi

Anza na ofisi ya elimu au mratibu wa mafunzo wa hospitali. Unaweza kumwandikia daktari moja kwa moja, na wakati mwingine ndiyo njia ya haraka, lakini kukubali kwake pekee hakukuingizi ndani. Ofisi bado itadai karatasi zako. Hivyo mwandikie daktari, kisha akikubali, peleka jibu lake ofisini.

Barua iwe fupi na iombe kitu kimoja kinachoeleweka. Mfano:

*Yah: Ombi la kutazama kazi katika kliniki ya watoto*

*Daktari, kwa heshima, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari. Naomba nafasi ya kukufuata kliniki na kutazama kazi kwa siku tatu katika wiki ya pili ya mwezi ujao, au siku nyingine zitakazokufaa. Ningependa hasa kuona jinsi ukuaji wa mtoto unavyopimwa na jinsi unavyozungumza na wazazi wenye wasiwasi. Nafahamu kwamba sitampima mgonjwa wala kusoma faili bila idhini. Nimeambatisha barua ya chuo, kitambulisho na cheti cha chanjo. Natanguliza shukrani.*

Angalia kilichomo: siku zimetajwa lakini hazijalazimishwa, jambo la kujifunza limetajwa, mipaka imekubaliwa kabla ya kuulizwa, na viambatisho vipo. Daktari anaweza kujibu kwa mstari mmoja. Kinachokosekana ni hadithi ya utotoni kuhusu ndoto ya kuwa daktari. Iache nyumbani. Usipojibiwa baada ya wiki moja, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha jaribu kwingine.

Karatasi na chanjo

Hapa ndipo maombi mengi hukwama, kwa hiyo anza mapema kuliko unavyodhani. Kwa kawaida utadaiwa barua ya utambulisho kutoka chuoni, kitambulisho, uthibitisho wa bima au kinga ya kisheria wakati wa mafunzo, hati ya kutunza siri uliyoisaini, na rekodi ya chanjo. Baadhi ya hospitali hudai pia cheti cha polisi cha mwenendo mwema, hasa kwa wodi za watoto.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ndiyo inayochelewesha wengi. Ratiba yake ya kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Kisha mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho hupimwa kingamwili, na kiwango kinachohesabiwa kuwa kinga ni miliuniti 10 kwa mililita au zaidi, kwa kipimo kinachoandikwa mIU/mL. Ukijumlisha, ni zaidi ya nusu mwaka. Hutaweza kuibana katika wiki mbili kabla ya mzunguko.

Mengine ni ya haraka zaidi: uchunguzi wa kifua kikuu, uthibitisho wa kinga ya surua, rubela na tetekuwanga, na chanjo ya mafua kwa msimu wake. Weka nakala za yote kwenye simu na kwenye bahasha. Utaombwa tena.

Wiki moja kabla

Usijaribu kusoma kitabu kizima cha idara. Tafuta magonjwa kama kumi yanayolaza watu wengi zaidi katika wodi unayokwenda, na kwa kila moja ujue dalili, vipimo vya kwanza na matibabu ya siku ya kwanza. Kundi lililokutangulia litakuambia orodha hiyo kwa dakika tano, pamoja na saa halisi ya raundi, yaani timu inapozunguka vitandani (ratiba rasmi haisemi kweli kila mara).

Mfukoni: stetoskopu, tochi ndogo, kalamu mbili, na kijitabu. Viatu vifunike vidole na visiteleze. Kucha fupi, mikono wazi kuanzia kiwiko kushuka chini, bila pete za mawe wala saa ya mkononi.

Siku ya kwanza

Nenda kwanza kwa muuguzi kiongozi wa wodi, hata kabla ya kumtafuta daktari. Sema jina lako, mwaka wako, utakuwepo muda gani na umeruhusiwa kufanya nini. Kisha uliza mambo machache: makabidhiano ya zamu ni saa ngapi, faili zinakaa wapi na nani anaruhusiwa kuzishika, toroli ya dharura iko wapi, ni wagonjwa gani wametengwa kwa sababu ya maambukizi, na ni kitu gani ambacho wanafunzi hukifanya kikawaudhi. Hilo la mwisho litamchekesha, na jibu lake litakuokoa mara nyingi.

Muuguzi anakaa na mgonjwa zamu nzima. Daktari anapita. Mwanafunzi anayewapita manesi kama fanicha atakosa habari zilizo bora kuliko zote wodini, na mara nyingi hatajua kwamba amezikosa.

Halafu mikono. Mwaka 1847 katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alikuwa akiumizwa kichwa na jambo moja: wodi ya uzazi walikofundishwa wanafunzi wa udaktari ilikuwa ikiua akina mama wengi kuliko wodi jirani walikofundishwa wakunga. Wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kupima wajawazito. Alipoamuru wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini, vifo vilivyokuwa takriban asilimia 18 mwezi Aprili vilishuka hadi zaidi kidogo ya asilimia 2 mwezi Juni. Maana yake, waliobeba kifo mikononi walikuwa wanafunzi na walimu wao.

Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kitendo kinachohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kitakasa mikono chenye alkoholi huchukua sekunde 20 hadi 30; maji na sabuni, kuanzia kulowesha hadi kukausha, sekunde 40 hadi 60. Ule wa tano ndio husahaulika zaidi. Umeegemea kitanda, umeshika reli yake, hukumgusa mtu. Bado unatakiwa kusafisha.

Chukua mgonjwa

Kama utakumbuka sehemu moja ya mwongozo huu, iwe hii. Wanafunzi wawili wanaweza kupita wodi ileile kwa wiki nane. Mmoja alizunguka nyuma ya raundi akiwatazama wagonjwa thelathini, mwingine aliwajua watatu kwa undani. Wa pili ndiye atakayeweza kutibu. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari William Osler aliwatoa wanafunzi wa Johns Hopkins, huko Marekani, kwenye viti vya ukumbi na kuwapa wagonjwa wa kuwafuatilia wodini, na hadi leo mizunguko inajengwa juu ya wazo hilo.

Anza na wagonjwa wawili au watatu. Fika kama dakika 45 kabla ya raundi na ufuate mpangilio huu: ongea na muuguzi wa usiku kabla hajaondoka, soma chati ya vipimo na dawa zilizotolewa kweli (siyo zilizoandikwa tu), kisha nenda kwa mgonjwa, na mwisho majibu ya maabara. Wengi hugeuza, wakaanza na karatasi za maabara, wakafika kitandani wakiwa tayari wameamua mgonjwa anaumwa nini.

Kitandani, jitambulishe ulivyo. "Shikamoo mama. Naitwa fulani, ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne, nipo na timu ya daktari wako. Naomba kuongea na wewe kidogo na kukupima kifua. Ukiwa umechoka niambie, nitarudi baadaye." Mgonjwa akikuita daktari, msahihishe kwa upole hapohapo. Akikataa, mshukuru na uende. Haki yake ya kutibiwa haipungui, na hulazimiki kujua sababu.

Ukikuta hali imebadilika, iwe mgonjwa anahema kwa shida, amechanganyikiwa au anatoka jasho baridi, acha maswali yako. Mwite muuguzi mara moja. Usingoje raundi, na usione haya kwamba huenda umekosea.

Kisha unakuja kumwasilisha mgonjwa mbele ya timu, jambo linalowatetemesha karibu wote. Hivi ndivyo wengi huanza:

"Mgonjwa ana homa, anakohoa, ana kisukari pia, jana aliwekewa dripu, presha iko sawa, halafu anasema kifua kinauma..."

Bingwa ameshaacha kusikiliza. Linganisha na hii:

"Mzee wa miaka 62 mwenye kisukari, leo ni siku ya tatu tangu alazwe kwa nimonia ya pafu la kulia. Usiku hakupata homa. Anasema anapumua vizuri kuliko jana, na chakula anakimaliza. Joto 37.2, mapigo 88, anapumua mara 20 kwa dakika, oksijeni asilimia 95 bila kusaidiwa. Bado nasikia mikwaruzo chini ya pafu la kulia. Sukari ya asubuhi milimoli 14 kwa lita. Naona nimonia inaelekea kupona. Tatizo la leo ni sukari. Napendekeza tufikirie kumhamisha kutoka antibiotiki ya sindano kwenda ya vidonge, na dozi ya insulini iangaliwe upya."

Haichukui hata dakika moja. Mpangilio wake ni ule uliotokana na kazi ya daktari Lawrence Weed wa Marekani katika miaka ya 1960: anachosema mgonjwa, ulichokiona na kukipima, unachofikiri, unachopendekeza. Nusu ya kwanza ni kazi ya kukusanya. Nusu ya pili ndiyo inayokufanya uwe daktari, na ndiyo ambayo wanafunzi huiacha kwa kuogopa kukosea. Pendekeza. Ukisahihishwa, utakuwa umejifunza kitu ambacho aliyenyamaza hakukipata.

Hujui kipimo fulani kilikuwa ngapi? Sema "sijaangalia, nitaangalia sasa hivi." Kamwe usibuni namba. Kuna mtu atapanga dawa kwa namba hiyo.

Raundi ikiisha, kazi yako haijaisha. Andika orodha ya yaliyoamuliwa kwa wagonjwa wako na ujitolee kwa yale unayoruhusiwa: kufuatilia majibu, kumsindikiza mgonjwa kwenye kipimo cha ultrasaundi na kuangalia kinavyofanywa, kukaa pale mfamasia anapopitia dawa. Rudi kitandani alasiri. Mgonjwa wa alasiri mara nyingi husema alichokificha asubuhi mbele ya kundi la watu kumi. Jioni soma kuhusu swali moja tu lililotokana na mgonjwa mmoja. Swali moja kila jioni, kwa wiki nane, ni elimu kubwa, na haisahauliki kwa sababu ina sura ya mtu.

Vitendo vya mikono, na sindano ikikuchoma

Kuweka kanula (mrija wa mshipani), kutoa damu, kuingiza katheta (mrija wa mkojo), kushona: jifunze kwanza kwenye maabara ya mazoezi, kisha tazama, kisha fanya ukiwa na msimamizi kando yako. Kabla ya kuanza, taja wazi umeshafanya mara ngapi. "Nimefanya kwenye mdoli mara kadhaa, kwa mgonjwa hii itakuwa ya kwanza" ni sentensi ya heshima. Mara nyingi msimamizi atakaa karibu zaidi, na hicho ndicho unachotaka. Ukikosa mshipa mara mbili, mwachie mwingine. Kitabu chako cha vitendo kisainiwe siku ileile. Msimamizi hakumbuki mwezi uliopita, wala hana wajibu wa kukumbuka.

Sindano ikikuchoma, osha palepale kwa maji na sabuni. Usibinye jeraha, usimwagie klorini. Toa taarifa kwa msimamizi na uende kitengo cha dharura au cha afya ya wafanyakazi wakati huohuo, wala si mwisho wa zamu. Hatari ya kupata virusi vya UKIMWI kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi ni takriban asilimia 0.3, yaani watu 3 kwa kila 1,000. Kwa homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika asilimia 30. Sasa unaona kwa nini ofisi inang'ang'ania cheti kile. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Aibu ndiyo huwafanya wanafunzi wanyamaze, na saa hizo zinapita.

Na usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Iende moja kwa moja kwenye sanduku la vyenye ncha kali, na aliyeitumia ndiye anayeitupa.

Thieta

Kula kifungua kinywa. Ni ushauri wa kitabibu kabisa: wanaozimia thieta, yaani chumba cha upasuaji, mara nyingi wamesimama muda mrefu, wamefunga mikanda ya barakoa, chumba kina joto na tumbo halina kitu. Chezesha vidole vya miguu na misuli ya mashavu ya miguu. Ukianza kuona giza, sema, rudi nyuma mbali na meza na ukae sakafuni. Hakuna atakayekucheka kama ukianguka nyuma. Ukiangukia mbele juu ya vifaa visafi ndipo shida inapoanza.

Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limekuwa na orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji yenye vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka. Katika kituo cha pili kila aliyemo chumbani hutaja jina na kazi yake. Taja yako kwa sauti inayosikika. Ukiwa umevaa gauni na glavu safi, mikono ikae mbele, kati ya kifua na kiuno. Usishushe, usikune pua. Ukigusa kisicho safi, sema papo hapo hata kama hakuna aliyeona. Kabla ya siku hiyo soma anatomia ya operesheni moja utakayoiona na ujue kwa nini mgonjwa huyu anafanyiwa. Hayo mawili ndiyo utakayoulizwa.

Ridhaa na siri

Mgonjwa kulazwa katika hospitali ya mafunzo hakumaanishi kwamba amekubali kila mwanafunzi ampime. Uchunguzi wa sehemu za siri unahitaji ridhaa ya wazi na mtu wa tatu chumbani. Mgonjwa aliye kwenye usingizi wa upasuaji hafanyiwi uchunguzi wa nyonga kwa ajili ya kufundishia kama hakukubali kabla. Ukielekezwa kufanya hivyo na hujui kama ridhaa ipo, uliza: "Tumepata ridhaa yake kwa hili?" Ni swali gumu kulitoa mbele ya bingwa. Litoe.

Kuhusu siri, watu hujikwaa kwenye mambo madogo. Lifti. Mgahawa. Karatasi ya orodha ya wagonjwa iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti. Picha ya eksirei "isiyo na jina" iliyotumwa kwenye kundi la darasa, wakati pembeni tarehe na namba vinaonekana. Usipige picha yoyote wodini kwa simu yako, hata ya kujipiga mwenyewe. Nyuma yako kuna kitanda cha mtu. Na usifungue faili la mgonjwa asiye wako, awe jirani, ndugu au mtu maarufu. Mifumo ya kielektroniki huweka kumbukumbu ya kila aliyefungua.

Ukiwa unatazama tu

Kutazama kunaweza kuwa uvivu wa hali ya juu au kazi nzito, inategemea ulikoelekeza macho. Kwa kila mgonjwa chagua jambo moja: swali la kwanza la daktari lilikuwa lipi, au ni lini mgonjwa alionekana hajaelewa. Hifadhi maswali hadi mlango ufungwe na mgonjwa atoke. Usimuulize daktari "je, ni saratani?" mbele ya mgonjwa mwenyewe. Andika tarehe, saa na ulichojifunza bila jina wala alama ya mgonjwa. Ukiomba chuo baadaye, maelezo hayo yatakufaa kuliko jumla ya saa ulizokusanya. Ukijisikia vibaya kwa uliyoyaona, toka kimya na umwambie mwenyeji wako baadaye. Mtazame pia muuguzi, mtu wa maabara, mfamasia. Wapo waliokuja kutafuta udaktari wakaondoka na kazi nyingine inayowafaa zaidi.

Wakali

Kuulizwa maswali hadi ufike usichokijua ni njia ya zamani ya kufundisha, na haina ubaya. Inakuonyesha pa kusoma. Kutukanwa, kudhalilishwa mbele ya mgonjwa, kuguswa usivyotaka, au kuombwa fedha au fadhila ili usainiwe kitabu ni jambo tofauti kabisa. Andika tarehe, mahali na maneno yaliyotumika, kisha peleka kwa mratibu wa mzunguko au ofisi ya wanafunzi. Kama mratibu ndiye tatizo, mruke.

Tathmini na barua ya kukupendekeza

Usingoje siku ya mwisho kujua unavyoonekana. Katikati ya mzunguko mwombe msimamizi dakika tano na umuulize: "Ni jambo gani moja nikilibadilisha sasa litanisaidia zaidi?" Ukiuliza "naendeleaje?" utajibiwa "vizuri," na huwezi kufanya chochote na neno hilo. Ukipewa dosari, itengeneze wiki ileile mahali ambapo ataona.

Barua ya kukupendekeza iombe kwa aliyekuona na mgonjwa, hata kama cheo chake ni kidogo kuliko cha mkuu wa idara ambaye hajui sura yako. Iombe wiki ya mwisho, wakati kumbukumbu bado ni mbichi, na umpe nafasi ya kukataa: "Daktari, unaona umenifahamu kiasi cha kuniandikia barua yenye nguvu?" Anayesita, mshukuru na utafute mwingine, maana barua baridi inaumiza kuliko kukosa barua. Anayekubali mpelekee wasifu wako, tarehe ya mwisho, na mistari michache ya kumkumbusha wagonjwa mliowahudumia pamoja, kwa ugonjwa na wiki, bila majina. Kumbusha wiki mbili kabla ya tarehe.

Kabla ya kuondoka rudisha kitambulisho na funguo za kabati, hakikisha kila ukurasa wa kitabu cha vitendo una saini, chana orodha zote za wagonjwa kwenye mashine ya wodi, waage wagonjwa wako na uwaambie nani atawafuatilia kuanzia kesho, kisha mpe mwanafunzi anayekuja baada yako ile saa halisi ya raundi.